Noosidan na Njia Yake ya Ng'ombe

Noosidan nimeiandika mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa na hofu. Mara ya kwanza niliogopa mbwa, mara ya pili niliogopa watu, mara ya tatu niliogopa maji. Ukiniuliza leo, nikiwa nimekaa hapa Kitengela sina pa kuwahi asubuhi, nitakwambia mbwa ndio waliokuwa na adabu.

Nyinyi niliowaacha ofisini Kajiado mlinisindikiza kwa keki na blanketi, nadhani mnaamini mtu akistaafu baridi humngojea mlangoni. Mkaniomba niwaandikie kazi tulivyoifanya. Nimekubali kwa masharti yangu. Vyeo sitavitaja, maana niliyempita ananijua na aliyenipita namjua. Vijiji vyote sitaviandika. Nitaandika hiki kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi na ndicho kilichokaribia kunitoa roho.

Kwa mgeni atakayesoma: kazi yetu ilikuwa kuandika vijiji. Kabla barabara haijapita, kabla bomba halijachimbiwa, mtu anatumwa aende aandike kijiji kinaanzia wapi na kuishia wapi, maji yake hutoka wapi na hulala wapi, udongo ni wa aina gani, nani alifika kwanza, nani alimfuata, na walifuata nini. Jiografia na historia, kama darasa la sita, ila hapa majibu yamesimama mlangoni yakikutazama kwa kukushuku.

Mimi sikusomea mambo haya. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba kando ya barabara ya Namanga, hapa hapa Kitengela. Sokoni nilijifunza kusoma uso wa mtu kabla hajafungua mdomo, na nilijifunza kuhesabu mzigo asubuhi ninapoupanga na tena jioni ninapoufunga, kwa sababu kiatu kimoja kikipotea, kile kilichobaki hakina mteja. Ofisi ilipotafuta karani wa nyanjani anayejua kuongea na watu, mtu akanitaja. Mkubwa aliyenihoji alianza kunieleza masharti ya kazi, nikajikuta nashindana naye anipe na gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Alinipa kazi na gambuti.

Siku yangu ya kwanza nilitoka na Mzee Gathogo, mtu wa Murang'a, mchoraji wetu wa ramani. Alikuwa mwembamba, kofia yake imeshonwa na kushonwa tena, na hakuwahi kuandika kwa kalamu ya wino. Alisema wino unaogopa mvua, penseli haiogopi. Ukitoka Kitengela kwenda Kajiado unaacha lami mkono wa kulia, unafuata vumbi mpaka uone mgongo wa mawe umelala kama ng'ombe aliyechoka. Juu ya mgongo huo ndipo Noosidan ilipokuwa: maboma machache ya Wamaasai, miti ya miiba, kanisa la mabati lisilo na madirisha. Chini yake kulikuwa na uwanda mpana wa udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu uzame, na mvua ikinyesha unanata hadi viatu viachwe. Mwisho wa uwanda kulikuwa na korongo. Sehemu kubwa ya mwaka korongo lilikuwa mchanga mtupu na mbuzi wakirukaruka ndani yake.

Tulipokaribia boma la kwanza mbwa walitoka, wa rangi ya vumbi, hawana haraka. Mimi nilikuwa tayari nimegeuka.

"Usikimbie," Mzee Gathogo akaniambia, naye amesimama fimbo ikielekea chini. "Hawa hawajui wewe ni serikali. Ngoja tuitwe."

Tulingoja. Mbwa mmoja alininusa gambuti zote mbili, ya kulia halafu ya kushoto, nikajua nimekutana na mwenzangu. Kisha mwanamke mrefu akatoka akawanyamazisha kwa neno moja. Huyo ndiye Yeyo Nasieku, mama wa boma lile, wakati huo bado kijana wa kubeba mtungi bila kushika. Tulisalimiana kwa Kimaasai, supa na epa, na hapo Kimaasai changu kikaisha. Mimi, kwa ari ya siku ya kwanza, nikamuuliza yuko na watoto wangapi.

Alinitazama kama niliyemuuliza atakufa lini. Akaingia ndani, na hakutoka tena siku hiyo.

Ndani ya gari Mzee Gathogo alinieleza taratibu, bila kunicheka. Hapa watoto hawahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe. Namba ikitamkwa ni kama kuita balaa ije ichague. Wewe unauliza habari za nyumba. Ukisimama langoni, kuna nyumba za wake upande wa kulia na nyumba upande wa kushoto, kila moja na mwenyewe. Unauliza wa nyumba ile wako salama? Unatajiwa majina, unaitikia, unaenda nyumba inayofuata. Kujumlisha ni siri yako na penseli yako, ukiwa umefunga mlango wa gari.

"Ukimaliza watu," akasema, "anza upya na ardhi. Anzia kwenye maji upande juu. Kila paa uliza ni la nani, kila zizi uliza ni la nani. Watu husahau watu. Paa halijisahau."

Nilimwambia hiyo ni kazi mara mbili. Akasema kwani viatu nilikuwa nahesabu mara ngapi.

Nilirudi wiki iliyofuata na sukari, nikauliza nyumba kwa nyumba, na Yeyo Nasieku akanipa historia yote. Baba mkwe wake alikuja na mifugo mwaka wa ukame, akaona mawe, akasema hapa. Maboma yakawekwa juu ya mgongo. Kutoka pale palikuwa na njia ya ng'ombe, inakata uwanda mpaka korongo. Nilipoitembea niligundua kitu: pande zote udongo ulikuwa mweusi, lakini chini ya ile njia kulikuwa na ubavu wa changarawe, mwembamba, umepinda hapa na pale. Ng'ombe waliupata wenyewe zamani, wakaufuata kwa sababu hawapendi kuzama. Nilimuuliza Yeyo mbona hakuna aliyejenga huko chini kwenye uwanda, mahali tambarare hivi.

"Ng'ombe mwenyewe halali huko," akanijibu, "sembuse mtu?"

Niliiandika ile sentensi kama ilivyo.

Mara ya pili kuandika Noosidan, Mzee Gathogo alikuwa amesharudi kwao kustaafu na mimi ndiye niliyekaa mbele kwenye gari. Ardhi ilikuwa imegawanywa, kila familia na kipande chake, na vipande vya uwandani vilikuwa vinauzwa kama maandazi. Nguzo na waya kila mahali. Kando ya njia kulikuwa na bango lenye picha ya nyumba ya ghorofa na watoto wakikimbia kwenye nyasi za kijani. Nilizitafuta hizo nyasi siku nzima. Wanunuzi walikuwa watu kama mimi, kutoka Ukambani na kutoka mkoa wa Kati, walimu, wauza mboga, watu wa chama cha kuweka akiba waliojinyima miaka, na kila mmoja alinionyesha ploti yake akiwa amesimama wima kama anayepigwa picha.

Njia ya ng'ombe ilikuwa imekatwa na waya za watu. Parsimei, mwana wa Yeyo Nasieku, alichoka kuzunguka akakata waya mmoja ili mifugo ifike korongoni. Alishikwa. Alilala kituoni usiku kadhaa, na ng'ombe wake wakafungiwa wakilia njaa. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Tangu hapo akifika penye waya, alikuwa anaweka mikono nyuma, kama mtoto dukani aliyeonywa asiguse.

Wakati huo ndipo nilipojua hofu ya watu inavyofika. Haipigi kelele. Nilikuwa natoka Noosidan jioni, gari moja jeusi likanipita, likasimama. Mwanamume mnene mwenye viatu vizuri, mmoja wa waliokuwa wanauza ploti, alishuka (viatu huwa natazama kwanza, ni kasoro ya kazi ya zamani) akanisalimia kwa heshima nyingi mno.

"Madam," akasema, "hiyo maneno ya maji kulala kwa uwanda, itasaidia nani?"

Nikamwambia maji yenyewe hayajaomba msaada. Akacheka. Kisha akaniuliza mtoto wangu wa mwisho anaendeleaje, akataja shule, akataja na gari la shule linalomshusha wapi. Alisema hivyo kama mtu anayenipa salamu.

Sokoni ukitaka kumshinda mtu usimwonyeshe unakitaka kitu. Nilisimama pale nikaanza kumlalamikia: ofisi hainisikilizi, mimi ni karani tu, nikiandika au nisiandike wakubwa watapanga wenyewe. Nilijishusha bei mpaka akaona sinunuliki kwa sababu sina thamani. Akaondoka. Nyumbani nilimbadilishia mtoto gari la shule, halafu nikampigia simu Mzee Gathogo kule Murang'a nikamweleza.

Akaniuliza, "Wamekupiga?"

"Hapana."

"Basi andika. Wakikupiga, andika kwa mkono mwingine."

Niliandika. Ile sentensi ya ng'ombe asiyelala uwandani ilibaki kwenye taarifa, ila ilisukumwa hadi ukurasa wa mwisho, mahali ambapo wasomaji huwa wameshaenda chai. Ploti ziliendelea kuuzwa. Kwa miaka, mawingu yakifunga upande wa Ngong, ambako maji ya korongo lile hutoka, nilikuwa natoka nje ya nyumba yangu kuyatazama, na majirani wakadhani niko na nguo kwenye kamba.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Ofisi ilitaka kujua kama kalavati ya kupitisha maji chini ya barabara inaweza kuwekwa pale korongoni, na chifu akaitisha baraza kwenye kanisa la mgongoni ili watu watoe maoni. Nilienda na dereva wetu Lemayian, kijana wa Illasit anayeendesha gari kana kwamba amebeba mayai. Noosidan hakukuwa na tone la mvua asubuhi hiyo, ila upande wa Ngong mbingu ilikuwa nyeusi kuanzia juu mpaka chini. Sikuipenda. Nilimwambia Lemayian aegeshe gari likitazama kule tulikotoka. Hakuniuliza kwa nini, naye hakuwa ameipenda.

Baraza lilikuwa katikati, mtu anaeleza kalavati iwe kubwa kiasi gani, nikasikia mngurumo. Nilifikiri ni malori ya kokoto. Kisha nikakumbuka malori hayapiti huko. Tulitoka nje, na kutoka juu ya mgongo tuliona korongo linageuka rangi. Halikujaa taratibu. Lilikuja lote kwa pamoja, kahawia, limebeba miti mizima, likapanda kingo na kuanza kutandaza maji uwandani kama mtu anayekunjua shuka. Wale waliojenga chini na kuishi huko walikuwa tayari wanakimbia kupanda, wamebeba watoto na magodoro. Bahati yetu ilikuwa ni baraza, wengi walikuwa juu.

Chifu alikuwa mtu mwangalifu na alifanya kilichopaswa. Alipanga watu kando ya kanisa akawahesabu kwa kidole, akina mama wa Kimaasai wakageuza nyuso, lakini hakuna aliyemzuia siku hiyo. Namba yake ikalingana na ile aliyokuwa nayo. Mimi nikapita nyuma yake polepole nikiuliza nyumba kwa nyumba, ya kulia, ya kushoto, wako salama, wako salama. Nikauliza na familia za kwenye ploti. Wote waliitika. Mtu akaanzisha wimbo wa shukrani.

Sikuimba. Nilikuwa nimesimama ukingoni nikitazama chini, nikianzia kwenye maji kupanda juu, paa baada ya paa, kama nilivyofundishwa. Hilo la mwalimu, yuko hapa. Hilo la Mama Wanjiru wa mboga, yuko hapa analia. Hilo zizi tupu. Nikarudia tena kutoka kwenye maji: karibu kabisa na korongo kulikuwa na nyumba ya mawe isiyokwisha, mnara wa tangi kando yake, na kibanda kimoja cha mabati.

"Hiyo mabati ni ya nani?" nikamuuliza Parsimei.

"Hiyo ni ya ploti."

"Najua ni ya ploti. Nani analala?"

Alifikiri. "Kuna mtu wa kuchunga mjengo."

"Anaitwa nani?"

Parsimei hakujua. Akamuuliza mama yake, mama yake akamuuliza Mama Wanjiru, Mama Wanjiru akasema ni yule Mkamba. Wimbo ukakatika mstari kwa mstari. Chifu hakuwa naye kwenye hesabu kwa sababu mtu yule hakuwa na ploti wala familia pale. Wa maboma hawakuwa naye kwa sababu hakuwa wa lango lolote. Nami kwenye taarifa zangu zote, ya kwanza na ya pili, sina mahali pa mtu anayelinda nyumba ya mtu ambaye hajahamia. Alikuwa akiishi Noosidan bila kuwa wa Noosidan, na maji yalikuwa yamefika kwenye kibanda chake.

Gari lisingefika. Kwenye udongo ule lingezama kabla hatujafunga milango. Parsimei akasema kitu kwa sauti ndogo, kwamba njia ya ng'ombe bado iko chini ya maji, changarawe haiendi popote. Mtu anaweza kuifuata. Lakini inapita ndani ya ploti za watu, na alipotaja waya mikono yake ikaenda nyuma.

Chifu alifunga macho. "Madam, hizo waya ni za wenyewe. Nikisema kata, kesho niko kortini." Hakuwa anajifanya, alishawahi kupelekwa.

Lemayian alikuwa ameshatoa koleo la kukatia waya kwenye gari. Nikalichukua. Nikamwambia chifu atazame mawingu ya Ngong vizuri, aniambie kama bado yanakuja. Alinielewa. Akageuka akatupa mgongo, akatazama mawingu kwa bidii kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na tulipokuwa tunateremka nikamsikia akisema, "Bado yako."

Waya wa kwanza nilikata mimi. Parsimei alikuwa amesimama mbele yake kama mbele ya nyoka. Nilimwambia mimi nastaafu, wataninyima nini, na nikabana koleo mpaka waya ukaruka na kunipiga mkononi. Baada ya hapo alinipokonya koleo. Wa pili alikata yeye, na wa tatu, na kila ulipokatika alikuwa anatoa pumzi kama mtu anayetua mzigo.

Sasa niwaambie hofu ilivyo, maana mnaenda semina na hawawafundishi. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na sikuona chini. Parsimei alitangulia na fimbo, anagonga, anasikiliza kama ni changarawe, anakanyaga. Mimi nilikanyaga alipotoa mguu. Ukikosea nusu hatua, mguu unaingia kwenye tope lile jeusi na halikurudishii. Nyoka alitupita akielea, kichwa juu, naye anaenda kilimani, sidhani alituona. Maji yakafika magotini. Kila niliposikia mngurumo ukiongezeka nilikuwa nasali kwa Kikamba, lugha ambayo huwa siitumii na Mungu ila nikiwa sina muda wa kutafsiri.

Tulimkuta juu ya mnara wa tangi, kwenye lile jukwaa la mbao. Mwanamume wa makamo, amevaa koti la suti juu ya nguo za kazi. Kando yake alikuwa amepanga mifuko ya simiti. Alikuwa ameipandisha mmoja mmoja, kwa ngazi, na ngazi yenyewe ilikuwa inacheza. Nguzo moja ya mnara ilikuwa imeanza kuinama upande wa korongo.

Nilimwita kwa Kikamba nikamuuliza jina. Kyalo, akasema, wa Makueni. Alifurahi kusikia lugha, uso wote ukafunguka, kisha nilipomwambia ashuke ukafungwa tena.

"Mwaitu, siwezi," akasema. Mwaitu kwetu ni mama. "Simiti ya mzee mwenye ploti iko hapa. Nikitoka ikaibiwa, nitamwambia nini?"

"Nani ataiba simiti kwa haya maji?"

"Watu ni wabaya."

Simu ikalia mfukoni mwake. Aliitoa, akaitazama, akairudisha bila kupokea. "Ni yeye," akasema. "Anataka kuuliza simiti. Amepiga tangu asubuhi."

Nilianza kushindana naye bei, nikiwa nimesimama kwenye maji. Nilimwambia nitamweleza mzee wake mwenyewe. Akasema mzee hatanijua. Nikamwambia mimi ni serikali. Akasema serikali haimpi kazi. Nikamwambia akifa simiti itabaki peke yake bila mlinzi. Hapo alifikiria kidogo, akasema afadhali afe ikionekana alikuwa hapo. Alisema hivyo kwa utaratibu kabisa, nami nikatambua ananiambia bei yake ya mwisho. Alikuwa anaogopa maji, nilimwona. Alikuwa anaogopa mzee wake zaidi.

Nguzo ikalia. Parsimei akanitazama.

Sokoni kuna wakati mteja anakitaka kiatu, miguu inakitaka, lakini hataki ionekane ameshindwa. Unampa njia ya kutokea. Nikamuuliza Kyalo: je, ukitolewa kwa nguvu?

Akatega sikio. "Kwa nguvu na nani?"

"Na serikali."

"Nikishikwa si makosa yangu," akasema polepole.

"Si makosa yako."

"Lakini nishikwe kweli. Watu waone."

Nikamwambia Parsimei apande. Akapanda ile ngazi inayocheza, yeye aliyelala kituoni kwa waya mmoja, akaweka mkono kwenye kola ya koti la suti.

"Umeshikwa," akamwambia.

"Kwa kosa gani?" Kyalo akauliza.

Parsimei hakuwa amejiandaa. "Kwa kusumbua huyu mama hapa," akasema, na Kyalo akakubali, akatangulia kushuka.

Hatukuwa tumefika mbali mnara ulipoanguka. Haukuanguka kwa kishindo, ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka kusimama, na simiti yote ikaenda nao. Kyalo hakugeuka. Parsimei alikuwa bado amemshika kola kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono mwingine. Maji yalikuwa kiunoni sasa na njia ilikuwa imepotea. Fimbo iligonga tope mbele, tope kulia. Parsimei akasimama, na kwa mara ya kwanza nikaona naye hajui. Kila upande maji yalikuwa ya rangi moja. Nilidhani tumefika mwisho, na wazo lililonijia halikuwa la maana hata kidogo: kwamba gambuti hizi ni za ofisi na sijazirudisha.

Kyalo ndiye aliyeona. Nguzo za ua zilikuwa zimechomoza vichwa juu ya maji, na kati ya nguzo na nguzo, pale tulipokata, waya haukuwepo. Akanyoosha kidole: pale, halafu pale, halafu pale. Tulipita tundu moja tukalenga tundu lililofuata, na changarawe ikarudi chini ya miguu.

Juu mgongoni watu walitupokea. Mama Wanjiru alivua kanga akamfunika Kyalo mabegani. Chifu alikuwa bado anatazama mawingu. Aligeuka tulipofika, akatuona wote, akakaa chini kwenye jiwe na kuvua kofia.

Simu ya Kyalo ikalia tena. Sijui ilipona vipi. Akaitoa, akaitazama, akaanza kuirudisha mfukoni, nikamnyang'anya nikapokea mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mtu yule mwenye simiti, maneno mabaya, ya sokoni kabisa.

Ilikuwa sauti ya mzee, imekauka. "Kyalo? Kyalo, umetoka hapo?"

Nikasema mimi ni wa ofisi ya Kajiado, na Kyalo yuko hapa.

Upande wa pili nilisikia mtu anavuta pumzi, kisha nikasikia analia, na mwanamke nyuma yake akiuliza amepatikana, amepatikana. Alisema yuko Rongai, karibu na Ngong. Aliona mvua ya Ngong asubuhi, akaanza kupiga simu ili Kyalo akimbie, na Kyalo hapokei. Alikuwa amepiga mpaka mke wake akamwambia aache. Nilingoja aulize simiti. Hakuiuliza.

Nilimwekea Kyalo simu sikioni. Alisimama wima kusikiliza. "Ndio mzee," akasema. "Ndio mzee. Ndio." Alinirudishia simu akaketi kwenye nyasi ghafla, hadi kanga ikamdondoka.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema kwa nini sikupokea." Aliinama akaiokota kanga. Kisha akainua uso akamtafuta Parsimei, aliyekuwa amechuchumaa kando yake na mkono bado uko kwenye kola ya lile koti.

"Sasa nimeachiliwa?" akauliza.

Parsimei akatazama chini uwandani.

"Bado," akasema. "Maji haijashuka."